Haki ya Jirani katika Upepo

Karibu kila kitu anachokihitaji mwanadamu leo kina mwenyewe. Ardhi imepimwa ikaandikiwa hati. Maji yametiwa ndani ya mabomba yakawekewa mita. Kuni zimegeuka makaa ya kuuzwa kwa gunia. Na hata mwanga wa jua, ingawa haukatwi vipande sokoni, humwangukia kila mtu juu ya paa lake, hata mwenye paa kubwa akapata zaidi ya mwenye paa dogo. Upepo peke yake umesalia bila ya bwana, kwa kuwa hauna makao wala hautulii mahali ukazungushiwa ua, na pumzi ile ile iliyopita juu ya zizi la mwenye ng'ombe wengi hupita, kabla mtu hajamaliza kusema neno lake, juu ya kibanda cha mjane asiyekuwa na mbuzi. Kwa hiyo inapotokea ala ya kuushika upepo na kuugeuza kuwa umeme, tena ala ndogo ya kubebwa mgongoni, suala la kale la mafakihi na la wanafalsafa hurudi katika sura mpya: mtu aliyekishika kitu kisichokuwa na mwenyewe amemiliki nini, na wale ambao kitu hicho kilikuwa kikiwapitia wao pia wanamdai nini?

Suala hili nataka kulitazama nikiwa nimekabili Bibokoboko, katika wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini, kwa sababu huko halikosi uzito kama ambavyo lingeweza kuukosa katika mji wenye taa za barabarani. Chini kabisa ni Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko karibu mita 770 juu ya bahari, na kando yake mji wa Baraka pamoja na soko lake la ndagala, la mafuta ya mawese na la unga wa mihogo. Kisha nchi inapanda, njia inakuwa nyembamba, mihogo inapungua na malisho yanaongezeka, mpaka mtu anafika kwenye milima ya wafugaji, ambako maziwa na maharagwe ndiyo mali, na ambako nguzo za umeme wa taifa hazijapata kusimamishwa. Katika milima hiyo usiku huwashwa koroboi, au tochi, au taa ndogo iliyoungwa na paneli ya jua ambayo mwenye nayo alipandishiwa kwa mguu au kwa pikipiki. Na simu, ambayo siku hizi ndiyo barua, ndiyo redio na ndiyo mkoba wa fedha, hupelekwa kwa mwenye paneli kama vile zamani nafaka ilivyokuwa ikipelekwa kwa mwenye kinu.

Mitambo midogo ya upepo inayobebeka haikutengenezwa kwa ajili ya watu hawa. Kampuni ya Aurea Technologies, ya mji wa Halifax huko Kanada, imetengeneza mmoja uitwao Shine, wenye uzito wa kilo 1.3 hivi, ambao hukunjwa ukaingia ndani ya mkoba wa safari na hutoa, upepo ukiwa mkali, hadi wati 40. Na wanunuzi waliokusudiwa ni watalii wa Amerika na Ulaya wapendao kutoka majumbani mwao kwa siku chache, wakalale hemani msituni au kandokando ya mto, mbali na waya na kelele, kisha warudi. Sina neno baya juu ya desturi hiyo. Mwenye kuiacha nyumba yake kwa hiari ili aonje uchache anafanya jambo ambalo wacha Mungu wa dini nyingi walilisifu, na pengine anarudi akiwa mpole zaidi kuliko alivyotoka. Lakini kufunga ni ibada, na njaa ni msiba, ijapokuwa matumbo yote mawili ni matupu; kinachoyatenga ni nia ya aliyefunga na uhakika wake kwamba magharibi itafika naye atafuturu.

Watu wa Bibokoboko wanaijua tafauti hiyo kwa njia ya uchungu. Katika mwezi wa Oktoba 2021 vita viliwafikia, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakanyang'anywa, na watu kwa maelfu wakateremka Baraka kutafuta usalama, wakaishi chini ya maturubai bila ya kuwa watalii. Wala wao si wa kwanza, kwa sababu nchi ya Fizi imewapeleka ugenini watu wa makabila yake yote kwa nyakati mbalimbali, na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 katika mkoa wa Kigoma, imewapokea watu wengi waliovuka ziwa kutoka upande huo. Mtu wa namna hii anapouliza habari ya mtambo unaobebeka, hulitamka neno kubebeka kwa maana isiyomjia mtalii: anauliza ni mali gani itakayomfuata siku atakayolazimika kukimbia, kwa kuwa ng'ombe hunyang'anywa, shamba halihamishiki, na mlingoti uliojengewa kwa saruji humfaa yule atakayekuja baada yake.

Kabla ya kufika kwenye haki na wajibu, ni insafu kueleza ala yenyewe inaweza nini, maana hukumu iliyojengwa juu ya sifa za uongo huanguka. Mtambo mdogo ni kitu chepesi kukielewa. Mbele pana rafadha, yaani mabawa mawili au matatu yaliyopindwa kidogo ili upepo uyasukume kwa ubavu. Nyuma yake pana dainamo, ambayo ndani yake sumaku huzunguka mbele ya nyaya za shaba. Kwa nyuma zaidi, katika mitambo mingi, pana mkia wa kuigeuza rafadha iukabili upepo uvumako. Na chini hushuka waya mpaka kwenye kidhibiti, ambacho huzuia betri isijazwe kupita kiasi wala isikaushwe. Mlingoti husimama kwa kamba tatu au nne zilizofungwa kwenye vigingi, na mtu mmoja mwenye nyundo na subira anaweza kuusimamisha na kuuangusha. Ukiutia mkono karibu na dainamo wakati upepo ni mdogo, utausikia mtetemo wake. Na ukitaka kuuzuia mtambo usizunguke, katika mitambo mingi unaziunganisha nyaya za dainamo pamoja, nayo rafadha hupunguza mwendo yenyewe kwa uzito wa umeme wake.

Kanuni inayoutawala mtambo huo haina huruma. Nguvu iliyomo katika upepo huongezeka kwa mwendo uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe, hata upepo ukipungua nusu ya mwendo wake, nguvu yake haibaki nusu, inabaki thumuni. Tena mwanachuoni Mjerumani Albert Betz alithibitisha mwaka 1919 kwamba hakuna rafadha, iwe imeundwa kwa ustadi wa namna gani, iwezayo kuchukua zaidi ya sehemu 59 katika 100 za nguvu ya upepo upitao ndani yake. Na mitambo midogo huchukua chini sana ya hapo. Rafadha yenye upana wa mita 1, ikipigwa na upepo wa mita 4 kwa sekunde, ambao ni upepo wa kutikisa majani na vijiti, hutoa wati 6 au 7. Ikipigwa na upepo wa mita 8 hutoa karibu 50. Milimani, mnamo mita 2000, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano, nayo nguvu hupungua kwa kadiri hiyo. Na nchi zilizo karibu na ikweta, mbali na bahari, aghalabu zina upepo mpole, isipokuwa kwenye migongo ya milima, katika mapengo yaliyo baina yake, na kandokando ya maziwa makubwa, ambako mchana hewa hupanda kutoka ziwani kwenda mlimani na usiku hushuka kutoka mlimani kwenda ziwani.

Basi mtu mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu na anunue paneli ya jua. Upepo una kazi yake usiku jua likiwa limelala, na katika miezi mirefu ya mvua wakati ukungu unapokaa juu ya milima hata mchana. Hapo hata wati 6, zikidumu kwa saa 10 za usiku, huweza kujaza simu ndogo za kitochi karibu kumi, au kuwasha taa ya mkunga mpaka alfajiri. Ni kitu kidogo. Lakini katika mambo ya haki udogo wa kitu si hoja, na aghalabu ugomvi wa majirani hauanzi kwa vitu vikubwa.

Vitabu vya dini vimeusema upepo mara nyingi, wala haviusemi kama mali. Qurani inasimulia kwamba Nabii Sulaiman alitiishiwa upepo ukamchukua mwendo wa mwezi kwa asubuhi moja na mwendo wa mwezi kwa jioni moja, na kwamba kaumu ya Adi iliangamizwa kwa upepo huo huo uliovuma siku nane mchana na mausiku saba. Kwa mmoja ulikuwa neema na kwa wengine adhabu, na katika hali zote mbili amri yake ilitoka mahali pamoja. Torati inaueleza upepo wa mashariki uliovuma usiku kucha ukafungua njia baharini kwa ajili ya watu waliokuwa wakikimbia. Injili ya Yohana inaufanya mfano wa jambo ambalo mwanadamu huisikia sauti yake bila kujua litokako wala liendako. Mwislamu wa Baraka na Mkristo wa Bibokoboko, ambao wanakhitilafiana katika mengi, hawana khitilafu hapa: upepo una Mwenyewe mmoja, na mja anayeupewa huupewa kwa amana.

Hata hivyo wanadamu wameugombania. Mwaka 1191, katika mji wa Kiingereza wa Bury St Edmunds, padri mmoja mzee aliyeitwa Herbert alijenga kinu cha upepo kwa ajili ya kusagia nafaka yake. Abate Samson, mkuu wa nyumba ya watawa iliyomiliki vinu vya mji na ada zake, alipopata habari alishikwa na hasira hata karibu akashindwa kula na kusema. Herbert alikwenda kujitetea, na mtawa Jocelin wa Brakelond, aliyeyaandika mambo ya nyumba ile, ametuhifadhia hoja yake: kwamba manufaa ya upepo hayapasi kuzuiliwa mtu yeyote, na kwamba yeye hakutaka kusaga nafaka za watu wengine. Abate hakukubali, akaapa kutokula mpaka kinu kibomolewe, kwa kuwa aliona kwamba wenyeji watavutika kwenda kwenye kinu kipya na ada ya watawa itapungua, na juu ya hayo kwamba mtu amejenga ndani ya mamlaka yake bila ya ruhusa; na kabla mafundi wa abate hawajafika, Herbert alikibomoa kinu chake mwenyewe. Mwenye haki alikuwa Herbert, mwenye nguvu alikuwa Samson, na wote wawili walikuwa watu wa kanisa; nao msomaji asidhani kwamba kanzu ya dini humkinga mtu asiuze kitu ambacho Mungu hakukiuza.

Mafakihi wa Kiislamu walikuwa wamelitafakari jambo la namna hii zamani zaidi. Katika hadithi zilizopokelewa na Abu Daud na Ibn Majah, Mtume Muhammad aliwafanya watu kuwa washirika katika vitu vitatu, navyo ni maji, malisho na moto. Na upepo, ingawa hakuutaja, ndio ulio karibu mno kwa sifa na hivyo vitatu. Kutoka hapo wakajenga kauli iliyo wazi kwa mtu yeyote aliyewahi kuchota mtoni: maji yaliyomo mtoni ni ya wote, lakini maji yaliyomo katika mtungi ni ya aliyeyachota, kwa kuwa ametoa mtungi wake na taabu yake, wala hakuna awezaye kuyamimina bila ya idhini yake. Tukilipima jambo letu kwa kipimo hicho, upepo uvumao juu ya Bibokoboko ni wa wote, na umeme uliomo ndani ya betri ni wa mwenye betri. Hoja ya Herbert imetimia, na aliyenunua mtambo kwa fedha zake za maharagwe asionewe na mtu.

Lakini hukumu haikuishia hapo, na wengi wanaopenda nusu ya kwanza huisahau nusu ya pili. Mtume huyo huyo alikataza mtu kuzuia maji yaliyomzidi ili awazuie wenziwe malisho; na sura fupi ya Qurani iitwayo Al-Maun inawalaumu wenye kusali ambao huwanyima jirani zao vyombo vidogo vya matumizi, ambavyo wafasiri wengi wamevifafanua kuwa ni chungu, ndoo, shoka na mfano wa hivyo. Torati nayo inamwamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni, bali aziache pembe za shamba lake kwa ajili ya maskini na mgeni. Anayezipokea pembe hizo hapokei sadaka kwa maana ya fadhila tu, anapokea haki yake, maana aliyeuzuia mkono wa mwenye shamba ni yule aliyelinyeshea mvua. Basi kama pembe ya shamba, ambalo mtu amelilima kwa jembe lake, ni haki ya mgeni, itakuwaje kwa betri ambayo imejazwa na kitu asichokilima mtu?

Hapa nadhani nawasikia wawili wakihojiana katika uwanja mmoja wa mlimani. Kijana aliyeusimamisha mtambo anamwambia jirani yake mzee, Baba, mimi nimeuza ndama ili niununue, rafadha ikivunjika hakuna atakayenichangia, na betri baada ya miaka michache hufa. Nikiwajazia watu simu bure, mwisho wake tutakaa gizani sote. Mzee anamjibu, Mwanangu, hukukosea, nami simu yangu nitailipia. Lakini usiku ule mke wa mdogo wako alipokuwa na uchungu wa kuzaa, kama ungeiuza taa ile kwa saa, ungekuwa umeuza nini, mtambo wako au upepo wa Mungu? Hawa wawili hawapingani. Kijana anazungumza habari ya ujira, na ujira ni halali, kwa kuwa ni badali ya chombo kinachochakaa na ya kazi ya mikono. Mzee anazungumza habari ya dharura, na dharura huizuia bei isitajwe.

Baraka mtu anaweza kuuona ujira huo ukifanya kazi yake bila ya ugomvi. Katika kibanda cha kuchaji simu, meza imejaa simu zilizolazwa ubavu kwa ubavu, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye namba iliyoandikwa kwa kalamu, na mwenye simu anashika kipande chenye namba ile ile; nyaya zimesukana, betri ya gari iko chini ya meza, na bei ni faranga chache ambazo kila mtu anazijua kabla ya kufika. Hakuna anayemnung'unikia mwenye kibanda, kwa sababu anaonekana kuuza ulinzi, waya na muda wake. Manung'uniko yangeanza siku ambayo mtu huyo, kwa kuwa ndiye peke yake aliye na umeme, angeikataa simu ya mtu wa kabila fulani, au angeipandisha bei usiku wa hofu, wakati watu wanataka kuwapigia jamaa zao na kuwauliza kama wangali hai. Hapo angekuwa amekuwa Samson mdogo bila hata ya kuwa na nyumba ya watawa.

Liko jambo la pili ambalo hoja ya Herbert hailitoshelezi. Upepo hauna mwenyewe, lakini mahali pa kuushikia pana wenyewe. Huko Kenya, karibu na Loiyangalani katika Marsabit, ilijengwa mitambo mikubwa 365 ya Lake Turkana Wind Power, yenye uwezo wa megawati 310, ambayo ilizinduliwa rasmi mwaka 2019 na kusifiwa kwa haki kuwa ni fahari ya Afrika. Lakini ekari 150,000 zilizotengwa kwa ajili yake zilikuwa malisho ya watu, na mwezi wa Oktoba 2021, mwezi ule ule Bibokoboko ilipokuwa ikiungua, mahakama iliyoketi Meru ilihukumu kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria, kwa kuwa wenyeji hawakushirikishwa kama ilivyopasa. Upepo wa jangwani haukulalamika; waliolalamika ni waliokuwa wakichunga chini yake. Mtambo wa kubebeka una heri moja juu ya ile mikubwa, nayo ni kwamba hauhitaji hati. Vigingi vinne hung'oka. Hata hivyo kilima chenye upepo mzuri ni kile kile chenye malisho mazuri au makaburi ya wazee, na mwenye kwenda kusimamisha mlingoti wake hapo bila ya kuwauliza wenyewe ameanza kwa ghasia jambo ambalo lingeweza kuanza kwa salamu.

Kuuliza kuna faida nyingine pia. Mwaka 1887 Profesa James Blyth wa Glasgow alisimamisha katika kijiji chake cha Marykirk, huko Scotland, mtambo wa upepo wenye matanga ya kitambaa, akaiwasha nyumba yake ya mapumziko kwa umeme, na huo unahesabiwa kuwa miongoni mwa mitambo ya mwanzo kabisa ya namna yake duniani. Umeme ulimzidi, akawaahidi wanakijiji kuwawashia barabara yao. Nao walikataa, wakisema kwamba mwanga ule ni kazi ya shetani. Blyth alikuwa tayari kuitimiza haki ya jirani, lakini jirani hakuwa tayari kuipokea, pengine kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekaa naye akamwonyesha waya na betri. Kwa upande wa pili yuko William Kamkwamba wa Wimbe, nchini Malawi, ambaye mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 14, baada ya njaa kumtoa shuleni, alisoma kitabu katika maktaba ya kijiji akaunda mtambo wake kwa baiskeli mbovu, feni ya trekta na mabomba ya plastiki. Na majirani waliokuja kumcheka ndio waliorudi wakiwa wamejipanga, simu mkononi, kuomba wajaziwe. Kilichowageuza hakikuwa hotuba. Waliona taa inawaka mbele ya macho yao, katika nyumba ya mtoto waliyemjua.

Sitaki kumhadaa msomaji kwamba taa ni heri kila mahali. Katika nchi yenye amani taa juu ya kilima humwongoza msafiri. Katika nchi ya vita humwongoza pia mwenye bunduki, na simu iliyojaa huweza kuita msaada na huweza kuita maangamizi. Betri ina thamani, na chenye thamani huporwa. Rafadha inayozunguka inaweza kumjeruhi mtoto au ndama, na mlingoti uliofungwa ovyo huanguka juu ya paa la mwenye kuufunga. Mambo haya hayaubatilishi mtambo, kama vile wizi usivyoubatilisha ufugaji. Lakini yanaonyesha kwamba umeme hauwezi kuwa adilifu zaidi ya watu wanaoutumia, na kwamba mwenye kuwapelekea watu ala bila ya kuzungumza nao juu ya matumizi yake amefanya nusu ya wema.

Sasa turudi kwenye vile vitu vitatu ambavyo watu walifanywa washirika. Katika milima ya Fizi malisho yamekuwa sababu ya uhasama baina ya mfugaji na mkulima. Maji ya mabonde yameandamana na uhasama huo. Na moto, ambao jirani alikuwa akiuomba kwa jirani kwa kigae asubuhi, umetumiwa kuzichoma nyumba. Ushirika katika vyote vitatu umejeruhiwa. Upepo haujajeruhiwa bado, kwa sababu huko hapakuwa na mtu aliyeuhitaji kwa kadiri ya kuugombania. Na ala ndogo hizi, ambazo leo ni chache na ghali, kesho zitakuwa nyingi na rahisi, kama ilivyokuwa kwa paneli za jua. Muda uliopo kabla ya siku hiyo ni muda wa kupatana, kwa maana mapatano hufanyika kwa wepesi juu ya kitu ambacho hakuna aliyekwisha kukimwagia damu.

Kwa hiyo jibu langu kwa suala tulilolianza ni hili. Aliyeushika upepo amemiliki chombo chake na kazi yake, wala hakuumiliki upepo. Ana haki ya ujira wa chombo na wa kazi, ujira mmoja kwa Mbembe, kwa Munyamulenge, kwa Mufuliiru na kwa mgeni. Na katika kila betri iliyojazwa na upepo iko pembe ambayo si yake, nayo ni ya mgonjwa, ya mwenye kuzaa na ya mtu aliyekimbia. Wazee wa kanisa, masheikh, machifu na walimu wa Bibokoboko na wa Baraka wasingoje mtambo wa kumi ufike ndipo waanze kuamua kesi zake. Na wakae wakati wa mtambo wa kwanza, walitamke sharti hili mbele ya mwenye nao na mbele ya majirani zake, waliandike, na nakala yake waiweke katika kituo cha afya, mahali ambapo haja ya taa ya usiku haiulizi kabila la mtu.